Maziwa Juu ya Mizani ya Korosho

Veridiana alikuwa mpishi asiyeamini kikombe. Ukimwambia vikombe viwili vya maziwa, atakuuliza kikombe kipi, cha nani, kimejaa mpaka wapi, na povu umelitoa au umelihesabu. Watu wa Mkunya walimcheka kwa hilo. Yeye aliwaacha wacheke, maana kati ya mambo yote aliyowahi kuambiwa duniani, mengine na mapadri, mengine na wanasiasa, hilo moja tu lilikuwa halijamdanganya: maziwa hupimwa kwa uzito.

Aliyemfundisha alikuwa Sista Magdalena, mkuu wa jiko katika nyumba ya masista iliyokuwa kando ya barabara ya kwenda Newala mjini. Veridiana aliletwa pale na mjomba wake kutoka upande wa Lukuledi, msichana aliyefiwa na mama, mwembamba, mwenye miguu mikubwa, aje kuosha masufuria. Juu ya meza ya jiko palikuwa na mizani ndogo ya chuma yenye sahani mbili, na kila kitu kilipita hapo kabla ya kuingia chunguni. Unga, sukari, siagi, hayo sawa, hata dukani hupimwa. Lakini maziwa! Nchi ile haikuwa ya ng'ombe. Kwao maziwa yalikuwa habari tu, kitu cha kwenye chai ya wakubwa. Kuyaona yakipandishwa mizani kama nyama kulimfanya asahau sufuria mkononi.

"Njoo uone," Sista alimwambia. Akajaza vikombe vitatu vya namna moja: cha kwanza malai, yale mafuta mazito yanayoelea juu ya maziwa, cha pili maziwa, cha tatu yale maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Akavipima kimoja kimoja, upande wa pili akiweka kikombe cha maji. Maziwa yaliyashinda maji kidogo tu, kama vijiko viwili vikubwa kwa lita nzima. Malai, kwa sababu ya mafuta yake, yalikuwa mepesi kuliko maziwa, karibu sawa na maji. Yale ya kopo yalishuka kwa kishindo. Ilibidi maji yaongezwe karibu theluthi ya kikombe ndipo sahani zikae sawa.

"Vikombe ni sawa, uzito mbalimbali," Sista alisema. "Jicho litakuapia kwamba ni kitu kimoja. Usilisikilize. Na haya ya asubuhi yana povu, ukiyapima kwa kikombe umepima hewa."

Basi Veridiana alijifunza hivyo, na kwa njia nyingine hakujifunza. Jagi tupu kwanza, ukariri uzito wake, kisha mimina taratibu mpaka chuma kiseme basi. Hakujua lita ina vikombe vingapi, wala hakuona haja ya kujua. Pudini aliyoipika kwa namna hiyo, ya maziwa, malai na mayai, sukari iliyounguzwa ikiwa chini, ilipopinduliwa juu ya sahani ilisimama yenyewe ikitetemeka, isianguke. Wageni waliopita Masasi walikuwa wakiulizana kama watafika Mkunya kabla ya chakula cha mchana, na sababu ilikuwa hiyo.

Aliolewa pia, tusimnyime haki yake. Mumewe alikuwa Cecil, fundi cherehani wa Newala, mtu mpole. Lakini miaka ilipita bila mtoto, ndugu wa Cecil wakaanza maneno yao, na Cecil kwa upole wake ule ule akawasikiliza. Veridiana akarudi jikoni na sanduku lake. Masista wakampa chumba cha nyuma, ukuta mmoja na jiko. Nchi ile mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Yeye hakuwa Mama wa mtu, kwa hiyo akawa Bibi Veri hata kabla ya mvi. Mjomba alishakufa. Mikorosho ya ukoo iliachwa nyuma pale watu walipohamishiwa vijijini, msitu ukaimeza, na jamaa waliobaki wakatawanyika kila mtu kwa wakweze. Chumba kile kikawa ndio kwao.

Halafu Sista Magdalena akafa, akazikwa pale pale Mkunya. Waliobaki walikuwa wazee, wakaitwa warudi kwenye nyumba yao kubwa, na vitu vikafungwa makashani. Veridiana aliiona mizani ikifungwa kwenye gazeti na kutiwa kasha moja na vitabu vya nyimbo. Angeiomba, wangempa. Hakuiomba, kwa sababu alifundishwa kutoomba. Adabu nayo ina hasara zake.

Ikaja ruksa ya biashara huria. Ushirika uliokuwa ukinunua korosho peke yake ukapata wenzake, na wenzake walikuja na malori. Aliyeipanga ile nyumba ya masista alikuwa mfanyabiashara kutoka Moshi, jina lake Jonathan. Upande mmoja akafanya ghala la korosho, upande wa pili gesti, na Veridiana akabaki kuwa mpishi wake, katika chumba kile kile cha nyuma. Mkewe Sia, ambaye watu walimwita Mama Justina kwa jina la bintiye, ndiye alikuwa msimamizi wa gesti. Alikuja na ng'ombe wawili wa kisasa, kwa sababu, alisema, yeye hawezi kuishi mahali ambapo chai ni nyeusi. Hakuwa mtu mbaya. Naliweka hilo mapema, maana watu wanapenda hadithi iwe na mbaya wake, na hapa mtamtafuta mpaka mchoke.

Asubuhi moja, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, Sia aliingia jikoni na kuvuta kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Justina."

"Jumamosi Baba Justina ana wageni. Wanunuzi wakubwa, wanatoka ng'ambo, wakimkubali ndio mwaka wetu umekaa. Nataka uwapikie ile pudini yako ninayosimuliwa kila siku." Akakuna meza kwa ukucha. "Nisikufiche, Mama. Mume wangu ameshamwona kijana mmoja Mtwara, Dickson, amesomea hoteli. Anasema jiko moja mpishi mmoja, na chumba cha nyuma ni cha mpishi. Mimi nimemwambia subiri Jumamosi. Wageni wakifurahi, sitasikia habari ya Dickson tena."

Veridiana aliitikia kwa kichwa. Pudini hakuiogopa. Alichoogopa ni kwamba tangu masista waondoke alikuwa hajaipika hata mara moja, na mizani haikuwepo.

"Niazime mizani, Mama Justina."

Sia akacheka, akamletea jagi la plastiki lenye mistari ubavuni. "Mizani ya nini? Hii hapa, mililita. Kwa maziwa gramu na mililita ni kitu kimoja, usijisumbue. Sisi kwetu tunapima hivi tangu tunazaliwa."

Naye alikuwa amesema kweli, au karibu na kweli kiasi cha kutosha pudini. Veridiana angelichukua lile jagi, angeacha povu litulie, akamimina mpaka mstarini, hadithi hii isingekuwepo, na mimi ningefurahi isiwepo. Lakini alikwisha kuona kwa macho yake kwamba si kitu kimoja. Maziwa huyapita maji, malai hayayafikii maziwa. Kumwambia mtu wa aina hiyo "usijisumbue" ni kumtukana bila kujua. Akalishukuru jagi, akalining'iniza ukutani, na Jumamosi asubuhi akabeba ndoo yake ya maziwa na bakuli la malai, akavuka uwanja kwenda ghalani.

Kule ghalani alikuwepo Mahmudu, mpimaji wa Jonathan. Alikuwa na mizani kubwa ya magunia, na kando yake ile ndogo yenye uso kama saa, kwa ajili ya wauzaji wa kilo moja moja. Foleni ilikuwa ndefu: wanawake na vikapu, wazee na mifuko, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Katika foleni alikuwepo Ziada, jirani yake, ambaye walikuwa wakienda naye kuteka maji bondeni miaka ile miguu yao ikiwa bado mizima.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo ambalo kule halielezwi, kwa sababu hakuna asiyelijua. Mizani ya Mahmudu ilikuwa inaiba. Lakini haikuiba upande mmoja mwaka mzima. Msimu wa korosho ukifunguliwa, springi yake hukazwa ili mshale ubaki nyuma, korosho kilo moja na robo ikapanda pale ikasoma kilo. Msimu ukifungwa, na Mahmudu akigeuka kuuza sukari na mchele, springi hulegezwa ili mshale utangulie, na robo tatu ikasoma kilo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mkulima aliyeuza na kununua aliujua wizi wa pande zote mbili kama anavyoujua mlango wa mbele na wa nyuma wa nyumba yake.

Veridiana hakuwahi kuuza korosho. Mikorosho ya kwao ilikuwa msituni. Maisha yake yote mbele ya mizani alikuwa mnunuzi wa sukari na chumvi, na mnunuzi aliujua wizi mmoja tu: mizani inasema kilo, mkononi umebeba pungufu. Dawa yake nayo ilikuwa moja, ile ya wanunuzi wote wa nchi hii. Unasema, "Tia nyongeza."

"Shikamoo, Bibi Veri," Mahmudu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nipimie maziwa haya, niwapikie wageni wa bosi wako."

Watu wakacheka, maziwa kwenye mizani ya korosho. Mahmudu akapisha. Veridiana aliweka sufuria tupu, akakariri mahali mshale ulipokaa, akamimina polepole huku povu akilizuia kwa mwiko. Mshale ukapanda mpaka kilo mbili alizozitaka. Akasimama. Akamtazama Mahmudu usoni.

"Hebu niambie kweli. Mizani yako hii inaiba kiasi gani?"

Kicheko kikakatika. Kila jicho likamgeukia Mahmudu. Alijua anachopaswa kumwambia huyu bibi: punguza, umeshazidisha. Neno moja. Lakini neno hilo, mbele ya watu wenye vikapu vya korosho mikononi, lilikuwa ni kukiri. Bosi wake alikuwa pale mlangoni na kalamu sikioni.

"Mizani yangu haina neno, Bibi," Mahmudu alisema.

"Haya," alisema Veridiana, na kwa kuwa hakuzaliwa jana akatabasamu, akaongeza maziwa mpaka mshale ukazidi hapo kwa alama mbili nzima. Nyongeza ya mwizi. Na malai vivyo hivyo. Mahmudu akageuza uso akaanza kukemea watu wasisukumane.

Jikoni aliona kwamba sufuria imejaa kupita desturi. Aliona pia kwamba vyombo vya kupikia havikutosha, mchanganyiko ukabaki, akautia kwenye bakuli la uji. Mikono yake ilijua. Mikono ya mpishi hujua. Lakini masufuria yalikuwa mageni, ya Sia, naye akajiambia macho ndiyo yanayomdanganya, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa, asiyasikilize. Mayai aliyahesabu kama zamani. Akachemsha maji, akaweka vyombo ndani ya mvuke, akakaa kwenye kigoda kuvilinda. Alisali rozari nzima pale, na nia ya kila fungu ilikuwa chumba.

Wageni walikula vizuri. Walisifu kuku, walisifu wali wa nazi. Kisha Sia mwenyewe akaleta pudini ya kwanza mezani, akaweka sahani juu yake na kuipindua mbele yao, kama alivyosimuliwa kwamba ndivyo ifanywavyo. Alipoinua chombo, pudini haikusimama hata kidogo. Ilijimwaga kama uji, ikavuka ukingo wa sahani, ikapita kwenye kitambaa, na mgeni mmoja akaruka asichafuke suruali. Jonathan akacheka kwa nguvu sana, kicheko cha mtu asiye na furaha. Wageni nao wakacheka kwa heshima. Aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko hakucheka.

Jioni Ziada alikuja kumpa pole, maana habari za aibu hazihitaji mjumbe. Wakakaa kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma.

"Lakini nawe, dada yangu," Ziada alisema, "niliona unaongeza, nikashangaa. Huu si msimu wa korosho? Mshale uko nyuma. Ungepunguza."

Veridiana akamgeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nani asiyejua?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Na mimi nilikuwa na kikapu changu, Veri. Bado hakijapimwa."

Hasira aliyoisikia Veridiana haikuwa juu ya Ziada. Hata juu ya Mahmudu haikuwa. Ilikuwa ni ya kuona kwamba kazi yake haikukosewa. Pudini ilikuwa sahihi, mayai sahihi, moto sahihi. Kilo ndiyo haikuwa kilo. Hilo angeweza kulisema! Mtu akishajua kosa liko wapi, ataelewa, atampa Jumamosi nyingine. Akajifunga khanga vizuri, akaenda kumtafuta Sia kabla ujasiri haujamtoka.

Alimkuta sebuleni anakunja kile kitambaa cha meza. Akamweleza yote taratibu, kama Sista alivyokuwa akieleza: jagi tupu, povu, kilo mbili, nyongeza, mshale uliorudishwa nyuma. "Mizani ya ghalani inakula robo nzima, Mama Justina. Mimi nikaongeza juu yake. Nipe mizani ya haki, au hata lile jagi lako, nitaipika kesho, utaiona inasimama."

Sia aliacha kukunja. Hakushangaa, na hapo Veridiana ndipo alipoanza kuogopa. Alikuwa ametegemea mshangao.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu. Wao wenyewe wanajua."

"Wanajua," alisema Sia. "Lakini hakuna anayelisema ndani ya nyumba hii." Akakaa. Macho yalimlowa, na hayakuwa machozi ya uongo. "Pudini ningekusamehe, Mama. Ningemwambia Baba Justina ng'ombe wamekula majani mabaya, maziwa yamekataa. Nilishaipanga kabisa. Lakini siwezi kulala na mtu ukuta kwa ukuta, anayekula chakula chetu, akijua kwamba nami najua. Hilo siliwezi. Dickson atakuja Jumatatu."

Veridiana alitaka kusema kwamba atanyamaza, kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyamaza. Lakini safari hii neno hilo alilichukia. Akaenda kufungasha.

Jumatatu asubuhi alitoka na sanduku kichwani, akielekea stendi, akatafute jamaa huko Masasi ambaye hakuwa na hakika kama bado yupo hai. Njia ilipita mbele ya ghala. Foleni ilikuwa imeshajaa, na kikapu cha mzee mmoja wa Mkunya, Husseni, kilikuwa juu ya mizani, mshale ukitetemeka. Mahmudu alipomwona bibi na sanduku, mkono wake ukakwama hewani.

Veridiana hakuwa na kitu cha kupoteza tena. Akatua sanduku.

"Sikilizeni," alisema, na sauti yake iliyozoea jiko ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mizani hii imerudishwa nyuma. Inawala robo katika kila kilo. Nimeipima kwa maziwa, nina hakika. Na hiyo hakika imenitoa nyumbani."

Mahmudu alitazama chini. Ziada, aliyekuwa nyuma huko, alijifunika uso kwa upindo wa khanga. Mzee Husseni alimgeukia Veridiana kwa heshima yote, hata kofia akaivua.

"Tunajua, Bibi," alisema. "Tuuze wapi? Na malori yote yana mizani kama hii." Kisha akamwonyesha kwa mkono, bila ubaya wowote, kwamba sanduku lake limeziba njia.

Veridiana akalinyanyua, akasogea pembeni, na foleni ikaendelea.